Kulipa ili Kujibiwa Upesi: Je, Ni Haki?

Wazee wetu walisema, "Penye udhia penyeza rupia." Tena walisema, "Mkono mtupu haulambwi." Maneno haya ni ya kale, na kila mtu ayajua, hata mtoto akitumwa kwa karani akakawizwa, hurudi nyumbani akiyasema. Lakini methali si sheria. Nyingine hutuonya, nyingine hutueleza tu jinsi watu walivyo, pasipo kusema kwamba ni vema wawe hivyo. Basi mwezi huu twapenda kuliangalia swali moja ambalo limetokea mara nyingi katika mazungumzo ya watu wetu, nalo ni hili: mtu mwenye shauri mbele ya serikali akilipa fedha ili ajibiwe upesi kuliko wenziwe, je, ametenda haki? Na serikali iipokeayo fedha hiyo, je, yatenda haki?

Swali hili si la upepo. Wako vijana wetu, wauguzi, walimu, wahandisi, hata wachungaji, ambao wameitwa kazini katika nchi ya Marekani. Huandika barua nyumbani wakisema, "Ombi langu limelipiwa ada ya haraka, nalo limejibiwa kwa siku chache." Nyumbani maneno hayo hupokewa kwa namna mbili. Wengine hunong'ona wakisema, "Kumbe hata huko watu huhonga!" Wengine husema, "Kama ni fedha tu, tuuze ng'ombe, na mtoto wetu naye apite." Kisha mwalimu wa usharika huulizwa, naye hana budi kujibu. Akijibu bila kulijua jambo lenyewe, aweza kumhukumu mtu asiye na hatia, au aweza kuiacha nyumba moja ipoteze mali yake bure. Kwa hiyo yatupasa tulijue jambo kwanza, ndipo tulipime.

Desturi yenyewe ni hivi. Mwajiri wa Marekani atakaye kumwajiri mgeni hupeleka ombi kwa idara ya serikali iitwayo USCIS. Ziko hati za kazi ya muda, ambazo hupelekwa kwa fomu ya I-129. Tena liko ombi la mtu wa kukaa daima, ambalo hupelekwa kwa fomu ya I-140. Maombi ni mengi, na maofisa ni wachache. Kwa hiyo ombi laweza kukaa miezi mingi kabla ya kusomwa. Lakini akitaka, mwombaji huongeza karatasi nyingine, fomu ya I-907, pamoja na ada yake. Na idara huahidi kulishughulikia ombi lile kwa muda uliowekwa. Kwa maombi mengi muda huo ni siku 15 za kazi. Kwa maombi fulani ya I-140, kama yale ya wakubwa wa makampuni yenye matawi katika nchi mbalimbali, ni siku 45 za kazi. Muda ukipita bila idara kutenda neno, ada ya haraka hurudishwa, na ombi huendelea kushughulikiwa upesi vilevile.

Desturi hii si ya zamani sana. Sheria iliyoiruhusu ilitiwa sahihi mwezi wa Desemba 2000, na kazi ikaanza Juni 2001, ada ikiwa dola 1,000. Mwanzo ilikuwa kwa hati za kazi ya muda. Mwaka 2006 ikaingizwa pia kwa maombi ya I-140. Ada ikapanda hatua kwa hatua: dola 1,225 mwaka 2010, dola 1,410 mwaka 2018, na dola 2,500 mwezi wa Oktoba 2020. Tarehe 26 Februari 2024 ikawa dola 2,805, na tarehe 1 Machi 2026 ikapandishwa kuwa dola 2,965. Sheria ya mwaka 2020 yairuhusu serikali kuiongeza kila baada ya miaka miwili kwa kadiri bei za vitu zilivyopanda. Msomaji akumbuke kwamba fedha hii si ada ya ombi lenyewe. Ada ya ombi hulipwa mbali. Hii ni ya haraka tu.

Sasa na tulitazame neno la kwanza, lile la manung'uniko: je, hii ni rushwa? Twajibu, siyo, na sababu zake twaweza kuzihesabu. Rushwa hutolewa kwa siri, lakini ada hii imeandikwa katika sheria na kutangazwa kwa watu wote. Rushwa huingia mfukoni mwa mtu, lakini ada hii huingia katika hazina ya serikali, na mlipaji hupewa stakabadhi. Rushwa hupewa mmoja kwa bei yake na mwingine kwa bei yake, kwa kadiri karani aonavyo nguo za mtu. Lakini ada hii ni moja kwa kila ombi la namna moja. Tena, na hili ndilo kubwa, rushwa hununua jibu, lakini ada hii hununua wakati tu. Baada ya zile siku 15 ofisa aweza kukubali, aweza kukataa, aweza kutaka ushahidi zaidi, na kila moja la hayo huhesabiwa kuwa ahadi imetimizwa. Wako waliolipa wakakataliwa upesi. Basi mtu asimwite mwenziwe mla rushwa kwa sababu ya jambo lililo wazi hivi. Kumshuhudia jirani uongo ni dhambi, hata ushuhuda ule ukisemwa kwa kunong'ona.

Lakini tukiisha kusema kwamba jambo fulani si rushwa, hatujasema bado kwamba ni haki. Kati ya vitu hivi viwili pana nafasi pana, na watu wengi hukaa ndani yake wakidhani wamefika. Kwa hiyo twaendelea kuuliza: fedha ya yule aliyelipa yamfanyia nini yule asiyelipa?

Tuchukue mfano wa kinu cha mashine. Wanawake wamekuja na madebe yao ya mahindi, wamejipanga tangu alfajiri. Mwenye kinu asema, "Atakaye kusagiwa kwanza aongeze shilingi kadhaa." Yuko mmoja mwenye shilingi, ambaye amefika saa nne, aongeza, asagiwa, aenda zake. Je, wale wengine wamenyang'anywa? Jibu lategemea jiwe. Ikiwa mwenye kinu, kwa fedha zile za nyongeza, amenunua jiwe la pili na kuajiri kijana wa pili, basi yule mwenye haraka amesagiwa kwa jiwe lake, na wengine hawakupoteza neno. Labda hata wamepata faida, kwa kuwa mstari umepungua mtu mmoja. Lakini ikiwa jiwe ni lile lile moja na kijana ni yule yule mmoja, basi kila debe la haraka limewasukuma wengine wote nyuma kwa debe moja. Hapo mwenye kinu hakuuza kazi yake. Ameuza zamu ya watu wengine, nao hawakuulizwa, wala hawakupata hata senti.

Hii ndiyo mizani yetu, nasi twaona kwamba waliotunga sheria ya Marekani waliijua. Sheria ya kwanza ilisema kwamba fedha hii itumike kwa kuitenda kazi ya haraka na kwa kutengeneza vyombo na taratibu za kazi ya idara. Sheria ya mwaka 2020 iliongeza kwamba yaweza kutumika pia kupunguza mlimbikizo wa maombi yaliyokawia. Tena iliagiza kwamba huduma ya haraka na kuenezwa kwake kwa maombi mengine kusiwaongezee muda wa kungoja wale wasiolipa. Hayo ni maneno mema. Ni kana kwamba mwenye kinu ameandika mlangoni: "Fedha ya haraka ni ya jiwe la pili."

Lakini maandishi ya mlangoni ni jambo moja, na jiwe ni jingine. Mwezi wa Machi 2017 idara ile ile ilitangaza kwamba tangu tarehe 3 Aprili itasimamisha huduma ya haraka kwa hati za kazi za namna ya H-1B. Sababu iliyotolewa ni hii: maombi yaliyokuwa yakingoja kwa muda mrefu hayakuweza kushughulikiwa, kwa wingi wa maombi yaliyoingia na kwa kuzidi sana kwa maombi ya haraka. Huduma ile ilirudishwa kwa maombi yote ya H-1B mwezi wa Oktoba 2017, ikasimamishwa tena mwaka 2018, na kurudishwa kwa maombi yote mwezi wa Machi 2019. Twaliona hili kuwa ushuhuda mkubwa, maana haukutolewa na adui wa idara, ila na idara yenyewe. Maana yake ni kwamba, angalau kwa wakati ule, jiwe la pili halikutosha, na waliolipa walikuwa wakisagiwa kwa jiwe la wale waliongoja.

Mtu aweza kutupinga akisema: "Mbona mambo mengi ya dunia huwa hivi? Katika treni iendayo Kigoma mna daraja la kwanza na daraja la tatu, wala hatusemi kwamba reli yadhulumu. Na zamani mtu mwenye haraka alipeleka simu kwa waya, akalipa kwa kila neno, na maskini akapeleka barua." Twajibu kwamba mifano hii ni mizuri, lakini yafaa kuitazama vizuri. Katika treni mwenye daraja la kwanza hukaa pazuri na kulala vema. Lakini wote hufika Kigoma saa ile ile. Hakuna abiria wa daraja la tatu anayeshushwa Tabora ili mwingine awahi. Na simu ya waya ilikwenda kwa waya wake, haikulisimamisha gunia la barua njiani. Katika mfano wa kwanza kilichouzwa ni raha, si zamu. Katika mfano wa pili kilichouzwa ni haraka, lakini kwa njia nyingine. Basi mifano hii yote miwili yatupeleka palepale tulipokuwa: kuuza haraka si kosa ikiwa haraka hiyo haikuchumwa katika wakati wa mtu mwingine.

Tena iko tofauti nyingine. Mtu asiyependezwa na kinu kimoja aweza kuchukua debe lake akaenda kinu cha pili ng'ambo ya mto, au akarudi nyumbani akatwanga. Lakini mbele ya serikali hapana kinu cha pili. Ofisi iuzayo haraka ndiyo hiyo hiyo iletayo ukawivu. Hapa pana hatari ambayo haihitaji mtu mbaya ili itokee. Mahali mwendo wa kawaida ukiwa mzuri, nani atalipa dola 2,965 kwa ajili ya haraka? Kadiri mwendo wa kawaida unavyozidi kuwa mzito, ndivyo haraka inavyozidi kununuliwa. Hatusemi kwamba ofisa yeyote akawia kwa makusudi. Hatuna ushahidi wa neno hilo, wala si haki kulisema. Twasema tu kwamba mtu ambaye kipato chake chaongezeka kila mlango wake unapokwama, hana budi kujichunguza mara mbili kila aahirishapo kuitia mafuta bawaba.

Hata hivyo, lazima tuwe waadilifu kwa idara pia. Idara ile haiishi kwa kodi ya wananchi kama idara nyingine. Karibu sehemu 96 katika kila 100 za fedha zake hutoka katika ada za waombaji. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, maombi yalipopungua, ilitangaza kwamba itawapumzisha watumishi wapatao 13,000 bila mshahara. Mwezi wa Agosti ikaghairi, na sheria ya Oktoba mwaka ule, ile iliyoipandisha ada ya haraka, ilitungwa kwa ajili ya shida hiyo. Watumishi wale wangaliondoka, wote wangalingoja zaidi, waliolipa na wasiolipa. Tena wako waombaji wasiotozwa ada kabisa kwa sababu ya shida zao, na kazi yao hutendwa kwa fedha za wengine. Kwa hiyo ada ya kampuni tajiri yenye haraka yaweza kuwa msaada wa kweli kwa mtu maskini asiyeijua hata kampuni ile. Jiwe la pili si ndoto. Laweza kununuliwa kweli. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwa neno moja kwamba ada hii ni mbaya. Twasema kwamba wema wake hauko katika ada yenyewe. Uko katika matumizi yake.

Yafaa pia kuuliza ni nani alipaye. Mara nyingi ni mwajiri, na mwajiri hulipa kwa kuwa ana kazi isiyongoja. Hapo hatuoni uzito mkubwa; ni gharama ya biashara yake. Lakini kwa ombi la I-140 sheria haikatazi mfanya kazi mwenyewe kulipa ada ya haraka, na wako wafanyao hivyo. Tufikiri habari ya muuguzi wa Kenya aliye mgeni wa nchi, ambaye ruhusa yake ya kukaa yakaribia kwisha, na ombi lake limelala katika chumba cha makaratasi. Wazee walisema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Kwake yeye kungoja si adabu ya subira, kungoja kwaweza kuwa kupoteza kazi na nyumba, na watoto kutolewa shuleni. Mtu wa namna hiyo akilipa, hainunui anasa. Ainunua amani ambayo ilimpasa kuipata bila kuinunua. Twamwona hana hatia. Lakini palepale twauona ubaya wa mambo kuliko mahali pengine popote, maana mzigo umemwangukia yule ambaye alikuwa na haki ya kupunguziwa.

Wasomaji wakumbuka habari ya mjane aliyemwendea kadhi dhalimu. Hakuwa na kitu cha kutoa, ila kule kuja kwake tu, leo na kesho. Katika idara ile pia uko mlango wa mjane. Mtu mwenye hasara kubwa, au mwenye jambo la ghafula, au mwenye shida ya kibinadamu, aweza kuomba bila kulipa neno kwamba ombi lake litangulizwe. Na ofisa huangalia sababu zake. Mlango huu ni mzuri sana. Lakini kanuni yasema kwamba, kwa kawaida, mahali palipo na huduma ya kulipia, mlango huu wa bure haufunguliwi, ila kwa mashirika yasiyotafuta faida, nayo kwa masharti. Hili twaliona kuwa neno la kutia mashaka kuliko bei yenyewe. Kuweka mlango wa fedha kando ya mlango wa huruma ni jambo moja. Kuufunga mlango wa huruma kwa sababu mlango wa fedha umefunguliwa ni jambo jingine. Mwenye shida asipewe jibu la kwamba, "Shida yako ina bei, nenda ukalipe."

Kwa watumishi wa dini jambo hili lina sura yake. Mchungaji aitwaye na usharika wa Marekani kwa kazi ya muda huombewa hati ya R-1. Ombi hilo laweza kulipiwa ada ya haraka iliyo ndogo kuliko ile nyingine. Mwaka 2024 iliwekwa dola 1,685. Lakini haikubaliwi mpaka idara iwe imekwisha kupakagua mahali pale atakapofanyia kazi. Na ombi la mtumishi wa dini la kukaa daima, lile la fomu ya I-360, halina huduma ya haraka hata kidogo. Basi usharika usimlaumu mchungaji wake kwamba hakufanya bidii, wala usichange fedha kwa ajili ya kitu kisichouzwa.

Hapa twafika kwenye onyo ambalo twaomba lisomwe kwa sauti mbele ya watu. Ada ya haraka huharakisha kusomwa kwa ombi, basi. Haiharakishi zamu ya kupata viza yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iliweka viza za kudumu za kazi kuwa kama 140,000 kwa mwaka, pamoja na za wake, waume na watoto. Na watu wa nchi moja, kwa kawaida, wasipate zaidi ya sehemu 7 katika 100. Kwa hiyo watu wa India, ambao ni wengi sana, wako waliokubaliwa maombi yao upesi, kisha wakangoja zaidi ya miaka kumi. Fedha ile haikuwasogeza hata siku moja katika mstari ule wa pili. Faida yao ilikuwa nyingine: ombi lililokubaliwa huweza kumsaidia mtu kuongezewa muda wa hati yake ya kazi huku akingoja. Wala ada haiondoi kizuizi kilichowekwa na serikali. Mwezi wa Desemba 2025 rais wa Marekani aliitia Tanzania katika orodha ya nchi ambazo watu wake waliwekewa vizuizi kwa sehemu. Hakuna fomu ya haraka iwezayo kulifuta tangazo la namna hiyo.

Kwa sababu hiyo, mtu akija kijijini au mjini akisema, "Nipeni dola elfu tatu, nami nitamnunulia kijana wenu kadi ya kijani kwa siku kumi na tano," msimwamini. Ombi la kazi hupelekwa na mwajiri, isipokuwa kwa watu wachache wenye elimu au sifa za pekee ambao sheria yawaruhusu kujiombea wenyewe. Ada hulipwa kwa serikali pamoja na fomu yake, wala si kwa dalali chini ya mwembe. Pasipo mwajiri wala ombi, hakuna kitu cha kuharakisha. Nyumba iliyouza ng'ombe wake kwa ahadi kama hiyo imenunua upepo.

Twaona pia kwamba mpaka kati ya kuuza wakati na kuuza jibu si ukuta mrefu. Mwezi wa Septemba 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kuanzisha kile kiitwacho kadi ya dhahabu, ambamo mtu atoaye kwa serikali zawadi ya dola milioni moja huhesabiwa zawadi ile kuwa ushahidi wa kustahili kwake. Hapo fedha haiko tena kando ya mizani. Imewekwa ndani ya kikombe cha mizani. Wenye kulitetea jambo hili husema kwamba nchi yapata faida, na labda yapata. Lakini mtu akitazama nyuma ataona njia ilivyokwenda. Mwanzo tulizoea kwamba mwenye fedha asomwe kwanza. Si ajabu baadaye tukizoea kwamba mwenye fedha asomwe vizuri zaidi. Kwa hiyo yafaa mpaka ule ulindwe tangu mahali unapoonekana kuwa mdogo.

Basi twakusanya maneno yetu. Yeye alipaye ada iliyowekwa na sheria, kwa wazi, kwa ombi la kweli, hana kosa, wala asione haya mbele ya usharika. Lakini asijisifu kana kwamba ametangulia kwa kustahili. Wako waliobaki nyuma yake ambao shida yao ni kubwa kuliko yake. Na serikali iuzayo haraka yaweza kufanya hivyo kwa haki, ikiyashika mambo manne. La kwanza, fedha ile inunue kweli jiwe la pili, na hesabu yake ionekane. La pili, mwendo wa wasiolipa uwe mwendo wa kufaa mtu, usiachwe uharibike hata kulipa kukawa lazima. La tatu, mlango wa bure kwa mwenye shida usifungwe kwa sababu ya mlango wa fedha. La nne, jibu lenyewe lisiuzwe kamwe. Likikosekana moja la haya, ada yaweza kubaki halali katika kitabu cha sheria, lakini imekwisha kuwa nzito katika mizani ya haki.

Wala tusidhani kwamba habari hii ni ya maofisa wa mbali tu. Kila mtu mwenye meza, mwenye kitabu cha orodha, mwenye muhuri, ana zamu za watu mkononi mwake. Karani wa mahakama anazo, mganga wa zahanati anazo, na mwalimu wa usharika atakiwaye kuandika cheti cha ubatizo anazo pia. Kijana atakaye kupeleka ombi la viza huhitaji vyeti. Na mara nyingi siku zake za kwanza za kungoja hazipotei Marekani, zapotea hapa kwetu, mbele ya sanduku la cheti ambalo mwenye ufunguo amekwenda safari. Sisi hatumtozi mtu dola. Lakini akija mwenye mali, twainuka upesi tukatafuta ufunguo, akija mama maskini, twamwambia, "Njoo Jumatatu." Hapo nasi tumeuza zamu, ingawa hatukupokea senti. Tumeiuza kwa heshima ya mtu mkubwa na kwa shukrani yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama wale wa ng'ambo watenda haki, na atazame kila mmoja wetu mstari uliosimama mbele ya meza yake, na kumwita kwanza yule aliyefika kwanza. Au akimtanguliza mwingine, iwe kwa sababu ya shida yake ambayo kila aliye mstarini angeikubali kama angeijua.